Nani Aliyeanza Kugeuka

Asubuhi ya Oktoba, juu ya Kautokeino,
uzio wa mbao na magunia umesimama,
na ndani yake kulungu wa kaskazini mia saba
bado hawajawa kitu kimoja.
Ni mia saba tu: huyu anakohoa,
yule anamtafuta ndama wake kwa pua,
mwingine ameduwaa kama mtu
aliyesahau alichofuata jikoni.

Ánte anafunga lango.
Mlio mmoja wa chuma.

Sikumwona aliyeanza.
Nilikuwa navaa glavu, nikainua macho,
na tayari duara lilikuwa likizunguka
kinyume cha saa, kama kila mwaka,
pembe juu ya pembe, kichaka kilichong'oka,
na ile sauti ya vifundo vya miguu yao,
tik, tik, tik, kano zikiteleza juu ya mfupa,
changarawe ikinyesha juu ya bati.

"Mama, nani anawaongoza?"
Ravdna ana miaka tisa, amekaa juu ya uzio.
Ánte anamwonyesha jike mwenye kengele.
Lakini kengele inapita mbele yetu, inapotea,
inapita tena: imebebwa, haijabeba mtu.

Nimewatazama miaka kumi na minne, najua hiki tu:
kila mmoja anaona bega la mwenzake,
na jicho moja linatuchungulia sisi.
Bega likisogea, husogea.
Likimkaribia mno, hupisha.
Mwoga hujipenyeza ndani,
na aliyesukumwa nje naye hutafuta upenyo.
Basi. Hakuna sheria nyingine.
Kutoka hofu ndogo mia saba,
hata moja isiyozidi upana wa ubavu,
linatoka gurudumu ambalo hakuna aliyelichonga,
na katikati, bila kupangwa na yeyote, ndama.

Uzi haujui mshipi.
Unapita juu ya mmoja, chini ya mmoja,
na kesho kiunoni mwa mtu kuna nyota.

Ningeweza kuishia hapo.
Lakini kazi haijaisha, lazima mtu aingie.

Naingia na kamba begani.
Wanagawanyika kama maji kwenye nguzo ya daraja,
wanaungana nyuma yangu. Natafuta masikio:
mkato mmoja nyuma, miwili mbele,
alama ya Niillas, ambaye barafu ya ziwa ilimchukua
mwezi wa Mei, na pikipiki yake ya theluji,
na chupa ya chai niliyomjazia mwenyewe.
Majike wake hawakuambiwa. Walizaa.
Ndama hawana alama bado;
wanajulikana kwa wanaowafuata.

Nilidhani pengo lake litaonekana.
Nyumbani linaonekana: ndoano ya koti, upande wa kitanda.
Hapa mnyama akivutwa kwa kamba hadi nje,
pengo hudumu pumzi moja,
bega husogea, bega jingine husogea,
na duara hupungua kidogo, halikatiki.
Sijui kama hiyo ni faraja.
Mimi ilinikasirisha.

"Mama! Na wewe unazunguka!"

Natazama nyayo zangu kwenye theluji iliyochafuka.
Kweli. Kushoto, kushoto, nusu saa nzima,
na Ánte upande wa pili, na mama mkwe Gáddjá,
na daktari wa mifugo aliyefika jana kutoka Alta,
ambaye hajui hata majina yetu,
wote tunageukia kule kule,
na hakuna aliyeambiwa.

Namdaka ndama kwa mguu wa nyuma.
Moyo wake unakwenda kiganjani mwangu
kama cherehani ya mtu mwenye haraka.
"Alama ya nani?" Ánte anauliza, kisu tayari,
macho ameyaweka pengine.

Kengele inapita nyuma yetu. Inapita tena.

"Ya Ravdna," nasema,
na mtoto ameshashuka uzioni,
anakuja, anawapisha, wanampisha,
kwa upande wa kushoto.